Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Safari ya Treni Kupanda Mlima Washington, Jumamosi ya Pili ya Agosti

Ndugu zangu wa Manchester na Concord hapa New Hampshire, pamoja na nyie wa Portland na Lewiston kule Maine mnaokuja kutuunga mkono, maswali yamekuwa mengi mpaka simu ya katibu inazima chaji kabla ya mchana, kwahiyo kamati imesema yaandikwe yote sehemu moja. Soma kwanza, ukikosa jibu ndo upige. Kama una haraka soma lile la nguo tu, mengine utayasikia kwenye basi.

Tunaenda wapi hasa?

Mlima Washington, hapahapa New Hampshire, kule juu kaskazini kwenye White Mountains. Sio Washington ya Rais wala Washington ya Seattle, nasema hivi maana kuna mtu ameshauliza kama tutapita White House. Ni mlima wa futi 6,288, yani mita 1,917, na ndo mrefu kuliko yote kaskazini-mashariki ya Marekani. Treni inaondokea Marshfield Base Station, upande wa magharibi wa mlima, inatupandisha mpaka kileleni kabisa, tunakaa huko kama saa moja halafu inatushusha. Kwenda, kukaa na kurudi ni kama masaa matatu, siku iliyobaki ni barabara na kula.

Mita 1,917? Mimi natoka nchi ya Kilimanjaro, huo ni mlima au kichuguu?

Hili limeulizwa na kila Mtanzania kwenye grupu, na kila mmoja anadhani yeye ndo wa kwanza. Sawa, Kilimanjaro ni mita 5,895, hakuna ubishi. Tena niwaongezee, Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,800, kwahiyo mtu aliyekulia Nairobi amelala miaka yote kwenye kimo kinachokaribia kilele hiki, na watu wa Bukavu na Kigali nao hawako mbali. Ndo maana mambo ya kukosa pumzi na kichwa kupasuka kama wageni wanavyopata kule Kibo hapa hamna, labda masikio yatazibazibana kidogo mkipanda, meza mate au tafuna jojo yatafunguka.

Ila msiudharau. Kinachoogopwa pale juu ni upepo na baridi, kimo hakina neno. Mlima umekaa mahali ambapo dhoruba za pande kadhaa za Marekani zinapishana, na milima mingine ya karibu ni mifupi hivyo hakuna kinachoukinga. Tarehe 12 Aprili 1934 watu wa kituo cha hali ya hewa kule kileleni walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa, ikawa rekodi ya dunia mpaka 1996 ilipokuja kuvunjwa na kimbunga kule Barrow Island, Australia. Na zaidi ya watu 150 wameshafia kwenye mlima huu na vilele vya jirani tangu karne ya 19, wengine wao kiangazi kama hiki tunachokwenda nacho, wamevaa kaptula.

Basi nivae nini?

Hapa ndo nataka mtulie msome vizuri. Siku hiyo Manchester inaweza kuwa nyuzi 30, unatoka nyumbani jasho linakutiririka, mtu akikwambia chukua jaketi unamuona kama anakutania. Kileleni wastani wa mwezi Julai ni kama nyuzi 9 tu, na tangu waanze kupima huko juu joto halijawahi kupita nyuzi 22, yani siku ya joto kuliko zote katika historia ya kilele hicho ni siku ya kawaida ya Lushoto. Ukiongeza upepo, hizo nyuzi 9 mwili unazisikia chini zaidi. Theluji nayo imeshawahi kuanguka kila mwezi wa mwaka, hata kiangazi.

Kwahiyo: jaketi linalozuia upepo (sio la urembo), sweta ndani, suruali ndefu, soksi, viatu vya kufunga. Ndala na sandozi ziache kwenye basi, za kuvaa ziwani jioni. Mama zangu na dada zangu, vitenge ni vizuri sana kwenye picha na hakuna aliyewakataza, lakini vaeni taiti nzito ndani na mfunge vizuri maana upepo wa pale hauna adabu. Wenye mawigi mjue la kufanya, skafu iko, mtandio upo, mimi nimeshasema. Shuka la Kimasai ni wazo zuri kuliko mnavyofikiri, unalitupia tu begani. Asiye na jaketi asinunue jipya, aende Goodwill, lile duka la mitumba, Agosti majaketi yapo mengi na hakuna anayegombania.

Watoto wavalishwe mara mbili ya mnavyodhani. Mtoto akisikia baridi kileleni safari ya wote imeisha, atalia mpaka chini.

Karibu na kilele mtaona rundo la mawe pembeni ya reli. Hapo ndipo alipofia Lizzie Bourne, binti wa miaka 23 kutoka Kennebunk, Maine, Septemba 1855, alipanda kwa miguu na ndugu zake wawili wakiwa wamechelewa kuanza, giza na dhoruba vikawakuta, usiku akafariki. Asubuhi wenzake ndo wakagundua nyumba ya wageni ilikuwa hatua chache tu mbele yao ila kwa lile giza hawakuiona. Sikuhadithii kukutisha, nakuhadithia ubebe jaketi.

Tunakutana saa ngapi na wapi?

Parkingi ileile ya kila siku, saa 12:30 asubuhi, basi linaondoka saa 1:00 kamili. Naandika tena kwa wale waliokuja hapa wadogo na hawahesabu saa kama sisi: simu yako itaonyesha 7:00. Mwaka mwingine mtu alisoma "saa moja" akaja mchana, tukawa tumeshafika.

Barabara ni I-93 kwenda kaskazini, tunapita Franconia Notch, halafu Route 3 mpaka Twin Mountain, tunashika 302 mpaka Bretton Woods na hapo tunakata kuingia barabara ya kituo. Ni kama masaa mawili na kitu, na tutasimama mara moja kwa ajili ya choo. Wa Portland na Lewiston mnakuja na magari yenu kwa 302 kupitia Crawford Notch, tukutane kituoni saa 3:30 asubuhi. Treni yetu ni ya saa 5:00. Najua mtasema mbona mapema hivyo, jibu ni kwamba sisi tunajijua, na treni haina simu ya kuipigia usubiriwe.

Mtandao kwenye yale mabonde unakatika sana. Ramani na tiketi viwe vimeshashushwa kwenye simu kabla hujatoka nyumbani.

Shilingi ngapi? Mbona mwaka jana mtu alilipa chini yangu?

Bei za treni hii zinabadilika kwa tarehe na kwa saa ya kuondoka, ukinunua mapema siku ambayo haina watu unapata nafuu, ukisubiri mpaka wiki yenyewe unalia. Mtoto ana bei yake. Ndo maana mweka hazina anawasumbua kila siku na meseji za Zelle, ile ya kutumiana hela kwa simu, sio kwamba ana shida na hela zenu. Kiasi kamili kiko kwenye ujumbe uliobandikwa juu kwenye grupu, kinajumuisha tiketi na basi, chakula ni cha kuchangiana. Sichapishi namba hapa kwa sababu kuna watu watapiga skrinishoti halafu mwakani waje kunidai.

Familia kubwa yenye watoto wengi ikiona ni mzigo imwone mwenyekiti pembeni, kimyakimya. Upo mfuko kwa ajili hiyo, na hatutaji majina ya anayesaidiwa.

Treni inapandaje mlima bila kurudi nyuma?

Swali langu la kupenda hili. Treni ya kawaida, iwe ya TAZARA au SGR, inakwenda kwa msuguano tu, gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma, kwahiyo mteremko ukizidi kidogo tu inaanza kuteleza. Ndo maana mainjinia wa reli wanazunguka vilima na kutoboa mahandaki badala ya kupanda moja kwa moja. Hii ya Mlima Washington ina reli ya tatu katikati ya zile mbili, imetengenezwa kama ngazi iliyolazwa chini, vyuma viwili vya pembeni na vipande vya chuma vya mviringo vimekingama katikati. Chini ya injini kuna gurudumu la meno, na kila jino linaingia katikati ya vipande vile, linajivuta, jino la pili linaingia. Halitelezi kwa sababu limeng'ata. Kushuka ni vilevile, gia ndo inazuia.

Mteremko wa wastani ni kama asilimia 25, na pale pakali kuliko pote, panaitwa Jacob's Ladder, unafika asilimia 37.41, yani kila ukienda mbele mita 100 umepanda mita 37. Mkifika pale atakayekaa siti ya mbele kabisa atakuwa juu ya aliyekaa siti ya nyuma kwa karibu mita nne, wote wako behewa moja! Na chini yenu ni daraja la mbao, kwa kweli karibu reli nzima imesimama juu ya nguzo za mbao, haigusi ardhi. Mwenye kuogopa vimo akae siti ya katikati ya behewa na aangalie mbele.

Kitu kingine mtakachokishangaa ni injini kuwa nyuma. Kupanda inasukuma behewa, kushuka inatangulia chini na behewa linaiegemea. Hazijafungwa pamoja. Kuna mtu wa breki ndani ya behewa, na behewa lina breki zake lenyewe zisizotegemea injini.

Nani aliwaza kitu kama hiki?

Mzee mmoja anaitwa Sylvester Marsh, mzaliwa wa hapahapa New Hampshire, aliyeenda Chicago akatajirika kwa biashara ya nyama, akarudi. Mwaka 1857 akaupanda mlima huu kwa miguu, dhoruba ikamkuta, akanusurika, na akashuka na wazo kwamba lazima iwepo njia ya watu kufika juu bila kuteseka. Mwaka uliofuata akaenda kwenye bunge la jimbo kuomba kibali. Wakamcheka. Hadithi inayosimuliwa mpaka leo ni kwamba mbunge mmoja alisema huyu apewe ruhusa ya kujenga mpaka mwezini, kwa jinsi walivyoona haliwezekani. Kibali wakampa, kwani kina hasara gani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikamchelewesha, ila Julai 1869 treni ya kwanza ikafika kileleni, na ni reli ya kwanza duniani ya aina hii kupanda mlima. Waswisi walikuja na yao ya Rigi mwaka 1871, ndo ya kwanza Ulaya. Injini ya kwanza ya Marsh ina boila lililosimama wima, watu wakaona linafanana na chupa ya pilipili ya maji, wakaibatiza Old Peppersass, na mtaikuta imewekwa kituoni. Watoto wapigieni picha hapo kabla ya kupanda, kushuka watakuwa wamechoka.

Jina la kituo, Marshfield, limetokana na huyu Marsh na Darby Field, Mzungu anayesemekana kuwa wa kwanza kufika kileleni, 1642. Wenyeji wenyewe, Waabenaki, walishaujua mlima huu na kuuita Agiocochook kabla hata huyo Rais Washington hajazaliwa.

Ni ya mvuke kweli? Nataka ule moshi wa video.

Zipo za aina mbili. Za mvuke bado wanaziendesha, lakini chache, kawaida ni ile treni ya kwanza ya asubuhi katika msimu, na bei yake huwa juu kidogo. Nyingi siku hizi ni za baiodizeli, walianza kuzileta mwaka 2008. Ukitaka kujua kwanini walibadilisha sikiliza hesabu hii: injini ya mvuke safari moja inakula kama tani nzima ya makaa ya mawe na galoni 1,000 za maji, tena inasimama njiani kuongeza maji, inachukua kama saa nzima kufika juu. Ya baiodizeli inatumia galoni chini ya 20 na inapanda kwa kama dakika 40 hivi.

Sisi tumechukua baiodizeli kwa sababu ya saa. Kuwahi ile ya mvuke tungetakiwa kuondoka Manchester alfajiri, na kamati ilipiga kura, ikacheka. Ila mkiikuta injini ya mvuke imesimama kituoni iangalieni boila, limelazwa kwa pembe, puani limeinama. Limetengenezwa hivyo makusudi ili kule kwenye mteremko maji yakae sawa ndani, yasikimbilie upande mmoja na kuacha moto unachoma chuma kitupu.

Mtu akiamua kwenda na ya mvuke kivyake, asivae nguo nyeupe. Masizi.

Ni salama? Nimesikia watu walishakufa.

Umesikia kweli na sitakuficha. Mwaka 1929 ile Old Peppersass ilitolewa makumbusho ipande kwa ajili ya sherehe, ikavunjika kifaa wakati inashuka, ikaserereka, mpigapicha mmoja akafa. Ajali kubwa zaidi ni ya tarehe 17 Septemba 1967, injini ilifika kwenye maungio ya reli ambayo hayakuwekwa sawa, ikatoka njiani, behewa likaserereka bila kizuizi, watu 8 wakafa na zaidi ya 70 wakaumia. Hiyo ndo historia yake, tangu 1869.

Mimi na familia yangu tunapanda. Ukiniuliza mimi, kipande cha hatari zaidi siku ile ni I-93 jioni ya Jumamosi, watu wamechoka na wanakimbilia nyumbani.

Kwanini tusipande kwa magari tu, si kuna barabara?

Ipo, Auto Road, ya tangu 1861, ni ya zamani kuliko hata reli. Iko upande wa pili wa mlima, mashariki, nyembamba, hakuna kingo, na kushuka ndo breki zinanuka. Basi letu haliruhusiwi pale. Mwenye gari zuri na moyo mgumu anaweza kwenda siku nyingine, atapata na stika ya kubandika kwenye bampa. Wazee wetu siwapeleki huko.

Mama yangu ana miaka 70 na goti linamsumbua, ataweza?

Kukaa kwenye treni ataweza kabisa, ni kukaa tu na kuangalia. Kuna ngazi za kupanda kwenye behewa, vijana tutakuwepo wa kumshika mkono. Anayetumia kiti cha magurudumu tuambie sasa hivi, sio siku hiyo, ili tuwapigie kituoni tupange nao. Kule juu kuna jengo kubwa la Sherman Adams, lina joto, viti, chakula na vyoo, mzee anaweza kukaa humo saa nzima na kuona mlima kupitia madirisha. Kile kibao cha kilele ambacho kila mtu anataka kupiga nacho picha kiko nje kwenye mawe, ni mwendo mfupi lakini mawe yenyewe hayakupangwa na mtu. Mama asilazimishwe. Foleni ya picha nayo ni ndefu na upepo unapiga.

Wajawazito, wenye presha na wenye moyo, ongeeni na daktari wenu, sio na mimi.

Choo?

Ndani ya treni HAKUNA. Kituoni chini kipo, kileleni kipo. Kila mzazi ampeleke mtoto kabla ya saa 5, hata akisema hana mkojo, hasa akisema hana mkojo.

Chakula kinakuwaje?

Kituoni na kileleni kuna vya kununua, burga na supu na kahawa, kwa bei za kitalii. Mpango wetu ni kula vizuri baada ya kushuka. Wapishi ni walewale, nawashukuru mapema: pilau kwenye mahotpoti, kuku, kachumbari, chapati, sambusa, na akina mama wa Kikongo wameahidi sombe (kisamvu) na makayabo (samaki wa chumvi), hapo sina la kuongeza. Nyama zote ni halali, imeshasemwa na imeshalipiwa kwenye bucha. Tunakula Echo Lake, Franconia Notch, iko njiani kurudi, kuna meza, nyasi na ufukwe, watoto wanaogelea na nyie mnapumzika. Kuna kiingilio kidogo, kimo ndani ya mchango.

Kwenye treni chukua vitu vidogo tu, mandazi, karanga, maji, chai kwenye chupa. Chai usiimimine wakati tunapanda, ukikumbuka zile asilimia 37 utajua kwanini.

Na swala?

Adhuhuri inaingia karibu na muda wa treni kushuka, kwahiyo ndugu zetu Waislamu wamekubaliana kuswali Echo Lake, kwenye nyasi, wakiunganisha na Alasiri kwa vile ni wasafiri. Mikeka tunabeba. Wageni msishangae simu ikiwaonyesha kibla ni kaskazini-mashariki, kwa huku tulipo ndo hivyo.

Kuna nini cha kuona?

Mkianza kupanda ni msitu, miti mirefu ya kawaida. Kadri mnavyokwenda inapungua kimo, inakuwa ya kukufika kiunoni, imejikunja yote upande mmoja kwa ajili ya upepo, mwisho inaisha kabisa mnabaki na mawe na majani. Yani mabadiliko ambayo Kilimanjaro unayaona kwa siku kadhaa za kutembea, hapa unayaona umekaa, chini ya saa moja, kwa sababu ya hiyo baridi niliyosema.

Mkigeuka nyuma mtaona chini hoteli kubwa nyeupe yenye paa jekundu. Ile ni Mount Washington Hotel ya Bretton Woods. Julai 1944 wajumbe wa nchi 44 walikaa pale wakaanzisha IMF na Benki ya Dunia. Wazee wetu waliokuwa kazini miaka ya themanini wakati wa masharti ya IMF, serikali inapunguza watumishi na shilingi inashushwa thamani, mtaiona nyumba yenyewe mambo yalikopangiwa. Mzee mmoja wa kamati ameshasema yeye mlima ataangalia baadaye, anataka basi lisimame pale barabarani apige picha akiwa ameshika kiuno. Tutasimama, dakika tano.

Kileleni, kama hakuna mawingu, unaona Vermont, Maine, mpaka Canada, na siku safi kabisa bahari ya Atlantiki. Kuna Tip Top House, nyumba ya mawe ya 1853, ndo iliyopona moto wa 1908 uliounguza majengo mengine karibu yote pale juu. Na msikose kuiona ile nyumba ya mbao iliyofungwa minyororo. Minyororo ya kweli, minene, imepita juu ya paa pande zote mbili imeshikizwa kwenye mwamba. Ukiigusa ndo unaelewa ule upepo wa 1934 walikuwa wanaongea kuhusu nini. Mpaka leo kuna watu wa hali ya hewa wanaishi kule juu kwa zamu, usiku na mchana, kiangazi na masika ya theluji, kila saa mmoja anatoka nje kupima.

Kukiwa na ukungu tunarudishiwa hela?

Ukungu sio sababu ya kurudishiwa, zaidi ya nusu ya muda kilele kiko ndani ya mawingu, wangefilisika. Treni ikisitishwa na wenyewe kwa sababu ya hali ya hewa hapo ni habari nyingine na mweka hazina atafuatilia. Kituo cha hali ya hewa kinatoa utabiri wa kileleni kila siku, nitaubandika kwenye grupu Ijumaa jioni ili mjue mnakwenda kuona nini. Hata kukiwa na mawingu safari ipo, na kuna siku treni inatoboa mawingu unajikuta jua linawaka juu yake na chini ni nyeupe yote. Siahidi.

Nibebe karatasi zangu?

Hatuvuki mpaka wowote, Canada tutaiona kwa macho tu. Lakini tuko karibu nayo, na miaka ya nyuma polisi wa mpaka waliwahi kuweka vizuizi I-93 pale Woodstock wakiuliza watu uraia. Sheria inasema mtu asiye raia mwenye miaka 18 na zaidi anatakiwa kutembea na hati yake, green card au nyingine aliyopewa. Beba. Mwenye kesi ambayo haijaisha au mwenye wasiwasi wowote aongee na wakili wake kabla, sio kwenye grupu.

Ni kweli kuna watu wanavua suruali treni ikipita?

Haya, hili nilitaka kuliruka ila limeulizwa na watu watatu. Ni kweli. Njia ya miguu ya Appalachian Trail, ile ndefu ya kutoka Georgia mpaka Maine, inakatiza reli karibu na kilele, na wapo watembeaji wenye desturi yao ya kuigeuzia treni makalio, eti kuwadharau waliokuja wamekaa. Haitokei kila siku na wameshawahi kukamatwa watu kwa ajili hiyo. Ikitokea siku yetu, mabibi funikeni wajukuu macho, na nyie vijana mnaocheka sasa hivi nawaona, hakuna atakayejibu kwa kufanya vilevile.

Nikichelewa treni ya kushuka je?

Kupanda na kushuka ni treni ileile na siti ileile. Kiongozi wa kila kundi la watu kumi atahesabu watu wake dakika 15 kabla. Ukiachwa, unasubiri treni nyingine yenye nafasi, na Jumamosi ya Agosti zinajaa, unaweza kukaa pale muda mrefu. Kushuka kwa miguu ni masaa kadhaa kwenye mawe, hairuhusiwi na kamati, hata kama ulikuwa mwanajeshi. Basi litasubiri kituoni mpaka saa 8:45 mchana, baada ya hapo dereva anaondoka na pilau.